Hakuna Aliyeniambia Nivue Suruali

Mwaka jana kanisani kwetu walileta kijana wa kutupa semina ya afya, wanaume tu, baada ya ibada ya pili. Alishika kipaza sauti akasema wanaume tunakufa na saratani ya tezi dume kwa sababu tunaogopa hospitali. Akasema tunajifanya miamba mpaka maji yanatufika shingoni. Wazee walicheka, wakatikisa vichwa, mmoja akasema kwa sauti kuwa ni kweli kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, maana siku hizo nilikaa karibu na mlango popote nilipokwenda, na mfuko wa mkojo ulikuwa umefungwa pajani chini ya suruali. Niliinuka nikatoka. Watu walidhani nimebanwa, kumbe nilikuwa nimekasirika.

Mimi sikuogopa hospitali. Yeyote atakayesoma haya naomba aelewe hilo kabla ya jambo jingine lolote. Nina kisukari, kile kinachowapata watu wazima, na tangu kigundulike sijakosa kliniki isipokuwa mwezi tuliomzika mama yangu, na hata hapo nilikwenda wiki iliyofuata. Nilikuwa na kadi yangu na chupa yangu ya maji. Nilikaa na wenzangu wa sukari mpaka tukajuana majina ya wajukuu. Kama kuna mwanaume aliyekuwa akionekana hospitali katika kata yetu, ni mimi. Ugonjwa ulinikulia mwilini nikiwa nimekaa palepale, mbele ya watu waliosomea kuutafuta.

Kliniki yetu ya sukari ilikuwa na daktari kijana anayeitwa Loishiye. Baba yake ni Lazaro, na Lazaro ni wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja. Kwa sisi Waarusha hiyo ina maana kwamba Loishiye ni mtoto wangu, na si kwa maneno ya kubembelezana. Ananiita baba. Akinisalimu anainamisha kichwa nami namgusa utosini kwa kiganja, hata kama amevaa koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo kimening'inia shingoni. Alipopangiwa kituo kile tulimshukuru Mungu kanisani. Watu walisema sasa na sisi tuna mtoto wetu pale, na mwenye mtoto wake hospitali hakai foleni.

Kweli sikukaa foleni. Nesi akiniona tu ananipitisha mlango wa pembeni. Wenzangu kwenye benchi walikuwa wananuna. Mama mmoja muuza vitunguu wa soko la Kwa Mrombo alisema wazi kwamba wengine tunatembea na daktari mfukoni, nami nikacheka, nikaingia. Ndani tulianza na habari za nyumbani. Baba yako hajambo, ng'ombe wanaendeleaje, mahindi yameota. Kisha anaangalia kipimo cha sukari, anaandika dawa, anainuka kunifungulia mlango. Nilikuwa nikitoka pale najiona mtu.

Shida ilianza na masika. Nilianza kwenda haja ndogo mara kwa mara, na usiku usingizi ukawa wa vipande vipande. Mtu yeyote anayekijua kisukari anajua mkojo mwingi ni dalili yake ya kwanza, kwa hiyo kila mtu alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza. Mke wangu alisema ni sukari. Nesi alisema ni sukari. Mwinjilisti aliyekuja kutusalimu, ambaye hajawahi kupima sukari ya mtu maishani mwake, naye alisema ni sukari.

Nilimweleza Loishiye mwezi uleule. Nilimwambia pia kwamba si wingi tu. Nasimama chooni, nangoja, unatoka kidogo, unakatika, nadhani nimemaliza, nikifunga zipu nataka tena. Aliangalia meza. Alisema sukari ikikaa mwilini muda mrefu inachosha kibofu, akaniongezea vidonge. Nikamwonyesha kwamba kipimo cha siku hiyo kilikuwa kizuri, na cha mwezi uliopita pia. Akasema, "Baba, sukari ni mjanja." Mwaka mzima na zaidi nilijibiwa hivyo, kwa maneno yale yale au yanayofanana nayo.

Nyumbani jibu hilo lilituharibia. Kama ni sukari, basi kuna ninachokula kwa siri. Mke wangu, Mama Neema, ni mtu mpole, lakini alianza kunilinda kama mwizi. Nikirudi kutoka mnadani ananisogelea anivute harufu ya mdomo. Aliamini nakula nyama choma na soda na wenzangu, kisha nakuja nyumbani kujifanya nakula mboga za majani. Alimpigia simu shemeji yangu kumuuliza nimekula nini msibani. Ugali ulipungua kwenye sahani, maziwa yakafungiwa kabatini, na tukaacha kuongea habari nyingine yoyote isipokuwa chakula. Siku moja nilimwambia aniache nife nimeshiba. Alilia, na sikumbembeleza. Tumeoana tangu tukiwa vijana, na hatukuwahi kugombana kwa jambo ambalo halikuwepo.

Wakati huo wote mwili ulikuwa unasema. Mkanda ulirudi tundu moja, halafu jingine. Niliacha kunywa maji mchana nikiwa na safari. Kiuno kilikuwa kinauma kwa ndani, nikasema ni uzee na pikipiki. Wakati wa vuli mkojo ulitoka na rangi ya chai ya rangi, nikamweleza Loishiye siku ya kliniki. Aliweka kalamu chini, akasema, "Baba, kuna kipimo kingine," kisha akaishia hapo. Alinitazama usoni, akainamisha macho. Akachukua tena kalamu, akaandika dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, akanifungulia mlango kama kawaida. Nilidhani kipimo hicho hakipo katika kituo chao.

Niliyabeba hayo mpaka baridi ya Julai, ile ambayo Meru haionekani kwa mawingu na watu wanavaa makoti mawili. Tulikuwa Elerai kwa ndugu yangu, tunajadili mahari ya binti yake. Wazee wa upande wa pili walikuwa wanaongea polepole, wanazunguka, wanarudi nyuma, kama inavyotakiwa. Nilitoka nje tangu asubuhi mara nyingi na hakuna kilichotoka hata tone. Kufikia mchana tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu, gumu. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Ndugu yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama sukari imeshuka, akaomba niletewe chai yenye sukari nyingi. Nikainywa, Mungu anisamehe, nikaongeza maji juu ya maji.

Binti yangu Neema anaishi Kimandolu, alikuja kunichukua. Alitaka kunipeleka kwa Loishiye. Mimi pia nilitaka hivyo. Lakini ilikuwa Jumamosi na Loishiye hakuwa zamu, simu yake haikupokelewa, na mimi nilikuwa nimeanza kugumia kwenye gari kama mnyama. Neema akakata kona akaingia hospitali iliyokuwa karibu, ambako hatukumjua mtu hata mmoja. Kwa hiyo tulikaa foleni. Nilijiinamia kwenye benchi, nimeshika magoti, na hakuna aliyeniita baba.

Daktari wa zamu alikuwa dada mdogo wa umri wa Neema, kwa lafudhi yake mtu wa kusini, Mtwara au Lindi. Aliniminya tumbo mara moja tu, akaita nesi alete mpira wa mkojo. Sitaeleza jinsi unavyoingizwa. Nitaeleza kilichofuata, maana kama uko kwenye hali hiyo unahitaji kujua kwamba kuna upande wa pili: mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko nililia kwa raha, mbele ya nesi na mbele ya binti yangu. Nesi alinifuta uso kwa kanga ya Neema. Nimepata neema nyingi maishani lakini ile sijui niiweke wapi.

Walinilaza. Kesho yake yule daktari alikuja na glavu mkononi, akamwomba Neema atoke, akasema, "Mzee, vua suruali, lala kwa ubavu, vuta magoti kifuani."

Niliuliza kama hakuna daktari mwanaume.

"Yupo, yuko chumba cha upasuaji mpaka jioni. Unamsubiri au tuendelee?"

Nikasema tuendelee. Kipimo chenyewe ni kidole kwa nyuma, kinauma kidogo na kinatia aibu, na kinaisha kabla hujajua uweke wapi macho. Kinachukua muda mfupi kuliko kusubiri chai ipoe. Alivua glavu, akasimama pale akiwa ameelekea dirishani, kisha akaniuliza kama kuna mtu amewahi kunipima hivyo. Nikasema hapana. Akauliza kama nina kliniki yoyote ninayohudhuria. Nikasema nina ya sukari, kila mwezi, sikosi. Alinawa mikono muda mrefu, na katika kunawa kule nikaelewa.

Sasa lazima niseme kazi yangu. Mimi nilikuwa bwana mifugo. Kwa miaka yote ya utumishi wangu nimezunguka upande wa magharibi wa Meru, kutoka Ngaramtoni mpaka Oldonyosambu, nikitibu ng'ombe wa watu. Ng'ombe asipobeba mimba, au akipata shida ya uzazi, unavaa glavu ndefu, unapaka mafuta, unaingiza mkono kwa nyuma mpaka kiwikoni na kupapasa. Mwenye ng'ombe anashika mkia na kukuambia habari za mvua. Nimefanya hivyo kwenye jua, kwenye tope, nimepigwa teke, nimeharibiwa mashati. Sijawahi kumtazama ng'ombe usoni nikamwambia ni sukari. Ng'ombe wa wilaya nzima wamepimwa kwa mkono wangu wote, na mimi mwenyewe nilikosa mtu wa kunipima kwa kidole kimoja.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na sina nia ya kuificha. Nilikuwa na hasira na kituo, na Loishiye, na vidonge, na mwinjilisti. Nilikuwa na hasira na mlango wa pembeni. Yule mama wa vitunguu aliyesubiri foleni alikuwa akipimwa presha, miguu, macho, kila kitu, kwa sababu kwa daktari alikuwa mgonjwa tu. Mimi niliingia na kutoka kama mgeni aliyekuja kunywa chai.

Baada ya hapo siku zangu zikawa za kusubiri. Kusubiri damu, kusubiri picha, kusubiri kuchukuliwa vinyama vya kupima, ambavyo viliahirishwa kwa sababu mkojo ulikuwa na vijidudu na mwenye kisukari hachezewi kwa hilo. Ukumbi wa kusubiri wa wagonjwa wa mkojo unaujua kwa jinsi wanaume wanavyokaa. Kila mmoja ameweka gazeti, kofia au koti juu ya mapaja kuficha mfuko wake. Hatusalimiani sana. Mzee mmoja Mchaga wa Machame, mfanyabiashara wa vipuri mjini, alikuwa amefunga mfuko wake ndani ya mfuko wa duka la nguo za harusi, na akaniambia kwa uso mkavu kwamba anatarajia kuoa. Nilicheka mpaka mpira ukaniuma. Tukawa marafiki.

Majibu yalikuja Septemba. Ni saratani. Imeshatoka nje ya tezi, mifupa bado ni mizima, haitaondolewa kwa kisu lakini inaweza kuzuiwa kwa sindano na mionzi. Nilimuuliza yule dada wa kusini swali moja: je, mwaka mmoja nyuma ingekuwa bado ndani? Alisema hawezi kujua. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema kuna uwezekano mkubwa.

Mama Neema alikuwepo. Nilidhani atalia kwa ajili ya saratani. Alilia kwa ajili ya ugali. Alishika mkono wangu pale pale mbele ya daktari akasema, "Nilikunyima chakula." Aliendelea kusema hivyo kwenye gari mpaka nyumbani. Wiki hiyo alichukua suruali zangu zote kwa fundi, akazipasua upande wa ndani na kuweka mfuko wa kitambaa laini ili ule wa mkojo usininyonge paja. Aliniwekea na kwenye ile ya kanisani. Hatujazungumza tena kuhusu kabati la maziwa, na funguo sijui alizipeleka wapi.

Sindano ni ya kila miezi mitatu, kwa hiyo sasa nahesabu mwaka kwa sindano. Ya kwanza ilikuwa kabla ya vuli. Wanaume mnaoisubiri, nawaambia wazi kwa sababu mimi niliambiwa nusu nusu. Inazima uanaume. Hamu inaondoka, na haiagi. Kifua kinavimba na kuuma ukiguswa. Ndevu zinapungua. Unaanza kupata joto la ghafla, linapanda kutoka kifuani hadi masikioni, unavua shati katikati ya kikao watu wakiwa na masweta. Mama Neema aliliona mara ya kwanza akacheka kwa mshangao, akasema sasa nimejua alichokuwa akikisema miaka ile hedhi yake ilipokoma, nilipomwambia afungue dirisha aache kelele. Alikuwa na haki ya kucheka. Na kuna jambo jingine ambalo mpaka leo likinijia nasaga meno: sindano ile inapandisha sukari. Sukari iliyosingiziwa mwaka mzima, wakati ilikuwa imetulia, ikapanda sasa kweli, na nikaanza kujichoma insulini.

Novemba, mpira ukiwa bado ndani, Lazaro alikuja nyumbani na wazee wengine wawili wa rika letu, na nyuma yao Loishiye. Walikuja na kondoo na asali. Nilijua maana yake kabla hawajakaa. Mzee akimkasirikia mtoto wa rika lake, mtoto huyo hatembei salama mpaka aombe radhi na abarikiwe, na mwenzako wa rika akija na asali mkononi humfukuzi. Mimi ni Mlutheri na wao pia, lakini jambo hili hatukuwahi kuliacha.

Lazaro aliongea vizuri, ni msemaji. Alisema kijana hali chakula, hatulii kazini, ameomba hata kuhamishwa. Akasema ugonjwa ni wa Mungu, na hakuna mtu aliyenitakia mabaya. Nilimwambia hayo yote nimeyasikia, ila nina maswali kwa mtoto. Nikamgeukia Loishiye.

"Siku ile ya mkojo wa rangi ya chai ulisema kuna kipimo kingine. Kipi?"

"Cha kidole, baba."

"Kifaa kilikosekana?"

"Hapana."

"Kwa nini hukunipima?"

Akasema, "Wewe ni baba yangu. Ningekuvuaje nguo? Halafu ningeinamisha kichwa unibariki kwa uso gani?"

Kilichoniudhi kuliko yote, kuliko hata jibu lenyewe, ni sauti waliyotoa wale wazee. Waliguna kwa kuridhika. Mmoja alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyesikia mtoto amejibu vizuri. Walikuwa wanamsifu! Nilikuwa nimekaa mbele yao na kifua kimevimba na mfuko wa mkojo pajani, nao wanasifu adabu. Nikaona kwamba katika sebule yangu hakuna aliyeelewa kitu, na kwamba hawa wote ni wa umri wangu, na wawili kati yao wana sukari.

Nikamgeukia Lazaro. Nikamuuliza kama usiku analala moja kwa moja. Alitazama asali. Nikamuuliza tena, kwamba akienda chooni inakuwaje, anasimama anangoja? Akasema hayo si maneno ya mbele ya mtoto. Basi mtoto ndiye aliyejibu.

"Anaamka, baba. Tangu mwaka jana. Mama aliniambia."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimemwongezea vidonge vya sukari," Loishiye alisema.

Sikupiga kelele. Nilikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba sauti haikupanda. Niliwaambia kondoo arudi, asali ibaki mezani, na baraka zipo, siwezi kumnyima mtoto wa rika langu. Lakini zitatoka siku Lazaro atakapopimwa, na si na mtoto wake, bali na mtu asiyemjua kabisa, ambaye hata jina la ukoo wake hawezi kulitamka. Lazaro aliniambia kwamba namdhalilisha. Nikasema ndiyo. Waliondoka bila kunywa chai, na Mama Neema akanilaumu kwa hilo wiki nzima, kwamba maneno sawa lakini chai ilikuwa tayari.

Lazaro alikataa mpaka Desemba. Siku walipotoa mpira wangu, nikakojoa mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu Julai, nilikwenda kwake kumweleza, nikidhani hiyo itamvuta. Hakutoka ndani. Aliyemleta hospitali ni mkewe, ambaye alimwambia hatapika wala hatafua mpaka aende, na akatimiza. Nilikaa nao foleni. Yule dada wa kusini alimwita, "Mzee, njoo," bila shikamoo wala nini, na mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa anafunga mkanda na uso umekunjamana. Akaniambia binti yule hana adabu hata kidogo, na kwamba hajamuuliza hata anatoka wapi. Nikamuuliza amesemaje. Akasema ameambiwa kuna uvimbe mdogo upande mmoja.

Vipimo vyake vilimalizika nikiwa nimelazwa Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, katika joto lile, na mwili wangu ukitoa joto lake juu yake. Mke wake alinipigia. Ni saratani, lakini ni ndogo, na yote iko ndani ya tezi. Walimfanyia upasuaji, wakaiondoa yote. Hatachomwa sindano zangu. Hatavimba kifua. Nilimpongeza mama yule kwa maneno yote niliyokuwa nayo, na nilimaanisha. Nilipokata simu niligeukia ukuta, nikalia kwa uchungu, kwa sababu alichopewa Lazaro ndicho nilichonyimwa mimi, na kisu chake nilikitamani.

Nilirudi Arusha masika haya yalipoanza. Loishiye alikuja peke yake. Aliinamisha kichwa, nikaweka kiganja utosini pake, nikambariki kama inavyotakiwa, kazi yake, ndoa yake, watoto atakaowapata. Niliahidi, nikatimiza. Hasira haijaisha, na nilimwambia hivyo mkono ukiwa bado juu ya kichwa chake. Akasema anajua.

Wewe unayesoma, kama una sukari na mkojo unakusumbua, na unajibiwa ni sukari huku kipimo kinasema imetulia, usikubali kufunguliwa mlango. Kaa kwenye kiti, uulize nani atakupima na lini. Kama daktari ni mtoto wako, nenda kwa mwingine.

Siku hizi wazee wa rika letu wanakuja kwangu kulalamika. Wanasema mtoto wa Lazaro ameharibika. Ukiingia kliniki yake ukasema unaamka usiku, hasikilizi habari za ng'ombe, hataki kujua wewe ni nani, anakuambia uvue suruali ulale kwa ubavu, mzee mzima. Wanataka nizungumze naye kwa sababu mimi ni baba yake. Ninawasikiliza mpaka wamalize. Wamekaa kwenye viti vyangu, wamekasirika, wamevaa suruali zisizo na mfuko wa ndani, na kila mmoja wao amepimwa. Ninawapa chai, na ninawaonea wivu huku nikimimina.